Kitambaa Juu ya Skrini

Mama yangu alikuwa taipa. Sisemi alijua kutaipu; wengi wanajua. Alikuwa taipa kama mwingine alivyo askari au daktari. Alistaafu kutoka ofisi ya serikali Bungoma, akanunua taipureta yake mwenyewe, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, na mtaa mzima ukamfuata huko. Mitihani ya shule za msingi, programu za mazishi, kadi za harusi, barua za kuomba kazi: yote yalipitia vidole vyake, na makosa ya sarufi ya wateja aliyasahihisha bila kuwauliza.

Kisha kompyuta zikaingia mjini. Vibanda vya kuchapisha vikaota karibu na soko, na utepe wa taipureta ukawa kitu cha kutafutwa hadi Eldoret. Wateja wakapungua, halafu wakakoma. Mama, ambaye mikono yake haijawahi kujua likizo, akaanza kufuma vitambaa vya uzi mweupe. Alifunika viti, akafunika redio, akafunika chupa ya chai. Nilipokwenda nyumbani niliogopa kukaa kitako muda mrefu, asije akanifunika na mimi.

“Kazi yangu iliisha, msichana wangu,” aliniambia Jumapili moja, bila hata kuinua macho kutoka kwenye uzi. “Sasa nitafuga kuku.”

Niliumia, na mimi nikiumia huwa nakasirika. Mama yangu na kuku wapi na wapi? Wale aliokuwa nao tayari walikuwa hawasikizani. Nikaapa kwamba atataipu tena.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Kitale, katika duka la kompyuta kuukuu, na nilipanga chumba mtaa wa Matisi. Nikamuundia mashine kutokana na mabaki: kasha la huku, kumbukumbu ya kule, na skrini ya zamani yenye kisogo kikubwa kama televisheni. Ndani nikaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ulikuwa bure; ulikuwa ukiagiza diski kwenye mtandao, nazo zinakuja kwa posta kama barua ya shangazi. Mwenzangu wa dukani alinicheka mpaka akakaa chini.

“Ati Linux? Kwa mzazi? Bana, si useme tu unataka kulaaniwa.”

Karibu awe nabii. Mama alikaa mbele ya ile kompyuta mgongo ukiwa wima, akapanga vidole, akasoma kidogo, akafumba macho.

“Herufi zinatetemeka.”

“Hazitetemeki, mama.”

“Macho ni yako ama ni yangu? Na ni nyembamba, kama wino imeisha. Na hii rangi?” Skrini nzima ilikuwa ya kahawia, ndivyo ilivyotoka kwa walioitengeneza. “Nimetoka kwa matope ya nje, naingia kwa nyumba, napata matope ingine.”

Kichwa kikamuuma akaenda kulala. Nilirudi Kitale nikiwa nimenuna, ila nilimwachia maagizo ya kufanya mazoezi. Katikati ya wiki akanifleshi, simu ikalia mara moja ikakatika. Nikampigia.

“Gusa ule mstari wa juu,” nikamwambia, “palipo na orodha ya programu.”

“Juu hakuna kitu.”

“Upo, mama. Juu kabisa ya skrini.”

“Nakwambia hakuna.”

Nikamwambia azime, awashe. Nikamwambia aangalie tena. Tulibishana hadi kredi yangu ikaisha, nami nikabaki na hakika kwamba amefuta kitu ambacho hakipaswi kufutwa. Usiku kucha nilikuwa najiuliza nitakirudisha vipi.

Jumamosi nikafika Bungoma na diski zangu zote. Kompyuta ilikuwa imevaa. Juu ya skrini kulikuwa na kitambaa kipya, kizuri sana, chenye maua na mapindo yaliyoning'inia mbele kama nywele za bibi harusi, na mapindo hayo yalikuwa yameufunika ule mstari wote.

“Mama, toa hiki kitambaa.”

“Kitu ya maana haikai uchi kwa nyumba yangu.”

Nilimwona alivyosimama kando ya ile mashine, mkono mmoja juu yake, kama mtu anayemtambulisha mgeni wake. Hakuwa ameichukia. Alikuwa ameipokea nyumbani kwa njia anayoijua yeye. Aliyeamua kwamba mstari ule ukae juu aliishi mbali sana, na bila shaka hakuwa na mama anayefuma. Basi nikaushika ule mstari kwa kipanya, nikauvuta hadi chini ya skrini, ukakaa. Muda wote tuliobishana kwenye simu ungetosha kuuhamisha mara mia. Mama naye akakubali kukunja kitambaa kwa nyuma, ili mashine ipumue.

Hapo nikapata moto. Kama mstari unahama, nini kingine hakihami? Nikavua koti.

Kwanza ule mtetemo. Nilikuwa nimekanusha, lakini nilipotazama skrini kwa pembe ya jicho niliona anasema kweli. Kompyuta haikuitambua ile skrini ya zamani, kwa hiyo ilikuwa ikiichorea picha polepole, kwa kasi ya chini kabisa, na macho ya mtu aliyesoma karatasi maisha yake yote yaliona kila mpigo. Nikazunguka nyuma, nikasoma kwa tochi viwango vilivyoandikwa kwenye kibandiko, nikaviingiza kwenye faili la mipangilio, nikawasha upya. Skrini ikawa nyeusi tii.

“Umeiua,” mama akasema kwa upole, kama anayetoa pole.

Ikarudi. Akavaa miwani, akasogea.

“Zimetulia,” akasema.

Nilitaka kumkumbatia, lakini tulikuwa bado na kazi. Tukaingia kwenye fonti, naye akazichagua kama anayechagua maharagwe. Hii inajivuna. Hii imelewa. Hii ni ya watoto wa nasari. Mwisho akaikuta moja yenye vijiguu, kila herufi imesimama na nafasi yake, akaigonga kwa kidole kwenye kioo. Nikaikuza, nikakoleza kingo zake zisififie. Kwa rangi, mimi nilimwekea kwanza mandhari nyeusi niliyoipenda sana, ya kisasa, yenye kung'aa.

“Nani amekufa?” akauliza.

Nikaiondoa. Tukaweka rangi ya karatasi ya ofisi, ile nyeupe isiyoumiza, na herufi nyeusi juu yake. Matope yakaisha. Mama akavuta kiti, akaandika sentensi moja, akaisoma, akaandika nyingine. Kisha akasahau kwamba nipo. Nilikaa nyuma yake nikifuta machozi kwa koti langu, nikicheka, kwa sababu vidole vilikuwa vikienda mbio na macho yake hayakuwa yakivitazama hata kidogo.

Sikurudi kwa wiki kadhaa; dukani kulikuwa na shughuli. Nilipopata nafasi nilibeba diski yenye fonti mpya, nzuri kuliko zile, nikiwa nimejaa mipango ya kuboresha hiki na kile. Nikasukuma mlango wa nyumbani, nikakuta sebule imejaa. Mwalimu mmoja alikuwa na bahasha ya mitihani na diski ya kuipeleka kazi kibandani ikachapishwe. Kamati nzima ya harusi ilikuwa imebanana kwenye kochi, wakibishana kama jina la mjomba litangulie au lifuate. Mama alikuwa mbele ya skrini, akitaipu.

“Mama, nimefika.”

Akainua mkono mmoja bila kugeuka, ule mwingine ukiendelea na kazi.

“Nimeona. Tafuta mahali ukae. Hawa walitangulia.”

Nikatafuta, nikakaa pembeni ya kochi, diski mapajani. Mzee mmoja wa ile kamati akanisogezea nafasi, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama na mimi nimeleta kadi ya harusi.

“Hapana, baba,” nikamwambia. “Mimi ni wa nyumba hii, ila zamu yangu haijafika.”