Farasi Aliyeangushwa na Kikombe

Nilidondosha kikombe cha bati, farasi wa kilo mia nne akaanguka chini kama gogo.

Sikumpiga. Sikumgusa. Kikombe kiligonga sakafu tu, na Tausi akakakamaa miguu yote minne, akaenda ubavu.

Naitwa Nashilu. Ni Mwarusha, nimepanga chumba Sokon I, Arusha mjini, na kazi yangu ni kuhudumia farasi kwenye shamba moja kule Kikwe. Wageni wanakuja, wanawapanda, wanapiga picha na Mlima Meru nyuma yao, wanaondoka. Sisi tunabaki na mavi.

Kazini tulikuwa wawili, mimi na Mzee Philemoni, Mmeru mmoja mpole ambaye ndiye alinifundisha hata kumfunga farasi kamba.

Siku hiyo alikuja akakuta Tausi yuko chini. Akavua kofia.

"Huyu katupiwa kitu," alinong'ona.

Mimi mambo ya kutupiwa uchawi huwa sitaki kuyasikia. Lakini nilipomtazama Tausi machoni, mwili ulinisisimka. Kuna ngozi ilikuwa imetoka kwenye kona ya jicho, imefunika nusu ya jicho. Mkia umenyooka mgumu kama mpini wa jembe. Mdomo umefunga. Na baridi yote ile ya mwezi wa saba, jasho linamchuruzika.

Tukampigia simu mwenye shamba, Mama Kandida. Naye akamwita Daktari Nusura, daktari wa mifugo anayetuhudumia.

Daktari alipofika alivua viatu nje ya banda. Akaingia peku, polepole, kama mtu anayeingia kwenye chumba cha mtoto aliyelala.

Akainua kwato la nyuma. Chini yake kulikuwa na kitundu cheusi.

"Pepopunda," alisema kwa sauti ndogo. "Zibeni madirisha kwa magunia. Zimeni redio. Kelele yoyote inamkaza misuli, na akikazwa kifua hapumui."

"Lakini alichanjwa," Mama Kandida alisema. "Wote sita walichanjwa, tena mara mbili."

"Ndiyo kinachonisumbua, mama. Niliwachanja kwa mkono wangu. Farasi aliyechanjwa sawasawa ni nadra mno kufika hapa." Akanigeukia. "Nashilu, zile chupa nilizowaachia zilikaa wapi?"

"Kwenye friji, daktari."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Nami niliamini nimejibu sawasawa.

Kilichonitisha ni kile kitundu.

Siku kumi na mbili nyuma tulikuwa tunabomoa uzio wa zamani. Mbao zilikuwa na misumari yenye kutu, na Tausi alipita hapohapo. Na mimi siku ile nilikanyaga msumari. Nilivaa malapa badala ya mabuti, nikaogopa kusemwa, nikala buyu, sikumwambia mtu.

Mbao zilezile. Misumari ileile.

Siku mbili nilikaa na Tausi ndani ya lile banda lenye giza mchana kweupe. Nje jua, ndani unasikia pumzi tu. Nzi akitua, anatetemeka. Nikikohoa, anakakamaa mpaka nasikia meno yake yanasagana.

Nilikuwa namtazama yeye, ila moyoni najiona mimi.

Siku ya pili taya langu likaanza kukaza.

Nilijaribu kula andazi, nikashindwa kufungua mdomo vizuri. Shingo ngumu. Nikawaona wanangu watatu wamekaa kwenye giza, wanaambiwa wasikohoe, mama asikakamae.

Nikaaga kwamba naumwa tumbo. Nikachukua bodaboda mpaka zahanati moja ya Levolosi, mjini.

Nesi aliniuliza shida nini. Nikamweleza yote, machozi yananitoka.

Akachukua kijiti. "Fungua mdomo unavyoweza."

Akanigusa kooni kwa ndani. Nikataka kutapika.

"Vizuri," alisema. "Mwenye pepopunda angeking'ata hiki kijiti bila kupenda. Wewe umebana meno kwa hofu siku mbili mfululizo, taya limechoka. Una watoto?"

"Watatu."

"Kliniki ulikuwa unahudhuria? Sindano za begani ulichomwa?"

"Kila mimba. Zile za kumkinga mtoto."

"Zile ni za pepopunda, dada. Zinamkinga mtoto na wewe pia." Akanihesabia. "Umemaliza zote tano. Tatizo ni kidonda tu, tukisafishe."

Nilicheka huku nalia. Kumbe miaka yote natembea na kinga mwilini na sijui.

Laiti ningeondoka palepale.

Lakini nilikaa nifungwe bandeji. Kulikuwa na foleni ya wajawazito, na yule nesi alikuwa anatoa chupa kwenye friji yenye kipimajoto. Kila chupa anaitikisa, anaiangalia kwenye mwanga.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza, maongezi tu.

"Kama iliganda."

"Si ndiyo vizuri? Sisi za farasi tuliziweka kule juu kwenye barafu, zikae baridi zaidi."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Za pepopunda?"

"Ndiyo."

"Nani aliwaambia? Hii ikiganda ndiyo basi. Inayeyuka, inaonekana dawa, unachoma. Lakini kinga unayopata haina maana."

Hata sikumuaga. Nilitoka nduki.

Ni mimi niliyeziweka kule juu. Daktari aliacha boksi Ijumaa, akasema tu liwekwe kwenye baridi, kwamba atachanja Jumatatu na atarudia baada ya wiki nne. Nikaona barafu ndiyo baridi yenyewe. Boksi lilikaa huko mwezi mzima.

Kwenye bodaboda shetani alikuwa ananong'ona: nyamaza. Tausi anakufa hata ukisema. Ukisema utafukuzwa, na watoto watatu unao. Nani atajua?

Tulipofika njia panda ya shamba nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Ndivyo nilivyokuwa, sitaki kujipamba.

Lakini getini nilimkuta Mzee Philemoni ameshika farasi mwingine, Sajenti, anampaka dawa kifuani. Alikuwa amejichana kwenye waya siku moja kabla ya Tausi kuanguka. Jeraha refu, lina udongo ndani.

"Daktari alimwangalia?" nikauliza.

"Alimwosha siku ileile akamchoma dawa ya kidonda. Akasema ya pepopunda si lazima, kachanjwa."

Kachanjwa kwa chupa zilezile.

Nikaenda moja kwa moja bandani. Daktari na Mama Kandida walikuwa wamechuchumaa karibu na Tausi. Nikapiga magoti, nikanong'ona, maana hata kukiri dhambi mle ndani ilibidi unong'one.

"Mama, nisamehe. Chanjo niliigandisha mimi."

Mama Kandida alifumba macho. Daktari akaangalia chupa ya dawa ya kuzima sumu ya pepopunda aliyokuwa nayo mkononi. Ilikuwa moja, ya mwisho.

"Kwa Tausi sumu imeshashika mishipa ya fahamu," alisema. "Kwa Sajenti bado tunaweza kuiwahi." Akanyanyuka, akatoka nayo.

Tausi alikufa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimemshika sikio.

Sajenti yuko hai mpaka leo. Wote watano walichanjwa upya, kwa chupa zilizoletwa asubuhi na kutumika asubuhi hiyohiyo.

Nilikwenda kukusanya nguo zangu za kazi, nikijua nitafukuzwa. Mzee Philemoni akanifuata, ameshika kamba ya Tausi, anaikunja, anaikunjua.

"Usiende peke yako," alisema. "Mimi nilizikuta zimeganda. Mara zote mbili. Ngumu kama jiwe."

Nikaziweka nguo chini.

"Nikaziyeyusha kwenye maji ya moto kabla daktari hajafika. Ulikuwa mgeni kazini, mwanangu. Niliona atakugombeza. Nikajua nakusitiri."

Tukaenda wote kwa Mama Kandida. Daktari alikuwepo, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hata yeye hakuzitikisa chupa kuziangalia. Aliona maji, akavuta sindano.

Hatukufukuzwa. Mama Kandida alitupa kauli moja tu: "Kila mmoja wenu alikuwa na nafasi ya kuuliza."

Ndugu yangu unayesoma, chanjo ya pepopunda inafanya kazi. Mimi niliyekanyaga msumari nipo hapa naandika. Lakini itunze kama inavyotakiwa, na kama hujui, uliza. Na ukiona mwenzako amekosea, usimsitiri kwa kunyamaza. Tausi alikuwa na miaka saba.