Mwenye Kiboko wa Rusinga

Mtu asiniambie nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria, sikuwa nimelala, na pombe sijaionja tangu niokoke. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo kupamba maneno sijui. Nitakwambia vile nilivyoona, na majina ya waliokosa nitayataja, kwa sababu wao hawakuona haya kulitaja langu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Kanisa letu hapa Uriri lilikuwa linapeleka watoto kambi ya Kikristo kisiwani Rusinga, nami nikachaguliwa kuwa mpishi na mlezi wa wasichana wadogo. Wazazi wote walikubali haraka isipokuwa jirani yangu, mama yake Masi. Masi ni mtoto wake wa pekee, alimpata baada ya kuzika wengine. Alishikilia mlango wa basi, akanitazama machoni.

"Nyar Ogwedhi, mtoto nakupea wewe. Si kanisa."

Huniita hivyo, binti wa Ogwedhi, kwa sababu nimezaliwa huko. Nikamwambia, "Nitamrudisha nikiwa nimemshika mkono."

Hiyo furaha ya safari! Hawa ni watoto wa mashamba ya miwa, ziwa walikuwa wamelisikia tu. Waliimba kutoka kwetu mpaka daraja la Mbita, kisha ghafla kimya. Masi akabandika pua kwa dirisha, akauliza, "Nani alimwaga maji yote haya?" Basi zima likacheka, hata dereva.

Sasa sikia kosa letu. Pale kambini palikuwa na mawe na vichaka kila upande, ila kulikuwa na ukanda mmoja wa nyasi fupi, laini kama zulia, uliotoka majini ukapanda juu. Ndugu Kenedi, kiongozi wetu, akapiga makofi. "Wametukatia nyasi! Hema la wasichana wadogo liwekwe hapa." Sisi watu wa ng'ombe na miwa tungejuaje ni nani hukata nyasi za ziwani?

Mlinzi wa pale, Ajwang', alijua. Akasema, "Hapo si pa kulala."

"Kwa nini?" Kenedi akauliza.

"Si pa kulala tu."

"Ndugu yangu, sisi tumekuja na Yesu."

"Basi laleni naye," Ajwang' akasema, akaenda zake kutafuna mahindi. Neno moja tu, kiboko, lingemgharimu nini? Nimeombewa mara nyingi nimsamehe. Bado.

Jioni watoto waliimba kando ya maji, ule wimbo wao wa kupiga makofi na kuruka. Wavuvi waliokuwa wanarekebisha nyavu waliacha kazi wakaja kuruka nao. Hata mimi niliruka, na mwili huu wote! Niamini, siku tamu kama hiyo nilikuwa sijaipata tangu nizaliwe.

Giza likaingia. Wavulana walikuwa wamelala mbali, kule juu nyuma ya mawe. Wasichana wangu walikuwa hemani, bado wanachekana. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Nikasikia pumzi, na haikuwa ya mtu. Ilikuwa kama basi likiachilia breki. Nikawasha tochi. Niliona macho, halafu kichwa, halafu mwili usiokwisha. Kiboko alikuwa anapanda ule ukanda wa nyasi, na mbele yake hapakuwa na kitu ila hema la kina Masi.

Wewe ungefanya nini? Kenedi alijua la kufanya. Alikimbilia basi akafunga mlango kwa ndani. Mimi nilikimbilia hema nikigonga sufuria kwa mwiko, nikidhani mnyama ataogopa. Hakuogopa. Alinisukuma na pua tu, vile mtu anasukuma mlango wa choo, nikarushwa juu ya mawe. Mkono wangu wa kushoto niliusikia ukivunjika. Miguu yake ikapita karibu na uso wangu, na ndani ya hema Masi akaita, "Mama!"

Ndipo sauti ya mwanamke ikasema, "Rateng'! Simama!"

Kiboko akasimama. Pua yake ilikuwa imegusa kitambaa cha hema.

Juu ya shingo yake alikuwa ameketi mama mzee, miguu yote upande mmoja, kama abiria wa bodaboda anayekwenda sokoni. Naapa, nilipomulika mara ya kwanza shingo ile ilikuwa tupu. Maji yalimtiririka kutoka kiunoni kwenda chini, lakini kilemba chake kilikuwa kikavu kabisa, kama kimetoka kupigwa pasi.

"Oimore," akanisalimu.

Hebu fikiria! Niko chini, mkono umevunjika, na mtu ananiambia habari za jioni kwa Kijaluo. Nikajibu. Mungu ndiye aliyenipa mdomo.

"Nani aliwaambia mlale mlangoni mwangu?"

"Dani, ni Kenedi." Nilimwita Dani, yaani nyanya, na Kenedi nikamtaja palepale.

"Yuko wapi?"

"Amejifungia kwa basi."

Yule nyanya alicheka mpaka kiboko akatikisika. "Akae hukohuko. Mwanaume wa aina hiyo hata Rateng' hawezi kumla. Haya, toa watoto, polepole. Na waimbe ule wa jioni, wa kuruka. Niliusikia nikiwa huko chini."

Huko chini! Nikatazama ziwa.

Masi alitoka kwanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatetemeka, lakini aliimba. Wenzake wakatoka nyuma yake wameshikana nguo, wakaingilia wimbo mmoja mmoja. Kiboko alisimama tuli, masikio tu yakizunguka. Nyanya alipiga makofi, na ilipofika pahali pa kuruka, naye akaruka hukohuko juu ya shingo! Watoto wakaanza kucheka. Mbele ya mnyama anayekata mtumbwi vipande viwili, watoto wetu waliruka na kucheka, nami kwenye mawe nikacheka huku nikilia.

Wote walipofika kando, nyanya akampiga kiboko kwa kisigino. "Haya, twende ukale." Walipita, hema likalala chini kama karatasi, wakapotea vichakani.

Asubuhi Kenedi alisimama kutoa ushuhuda kwamba maombi yake ndani ya basi ndiyo yaliyomfukuza shetani. Watoto wakapiga kelele, "Si wewe, ni Dani!" Hakuwasamehe, ila mimi ndiye niliyelipia. Tuliporudi Uriri aliwaambia wazee wa kanisa kwamba nimewaingiza watoto kwa wachawi, nikaondolewa jikoni mpaka leo. Mkono nilifungwa Homa Bay, ukaungana vibaya. Haufiki kichwani, nywele nasukwa na majirani.

Lakini Masi nilimrudisha, nimemshika kwa ule mkono mzima. Mama yake akamuuliza, "Kambi ilikuwaje?"

"Tuliimbia kiboko."

Mama mtu alinitazama, akaona bandeji. Alinikumbatia kwa nguvu nikapiga yowe, na watoto wakaanza kucheka upya.

Baadaye nilipita soko la Mbita kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Muuzaji alipima, akaongeza konzi moja, akaongeza nyingine. Nikainua macho nimshukuru, nikaona kilemba ni kilekile.

"Mkono unaendeleaje?" akaniuliza. "Yule hajui kusukuma polepole."

Sikumuuliza jina. Na ningelijua, hilo nisingelitaja, hata kwa Kenedi, hata wazee wa kanisa waniweke mbele ya madhabahu.

Basi wewe, ukipeleka watoto wa watu kule ziwani, usimwachie Kenedi yeyote akuchagulie pahali pa kulala. Waulize wavuvi, na wasipotaja sababu, ng'ang'ana nao mpaka waitaje. Na mtu akikusalimu gizani, jibu salamu kwanza. Kumuuliza yeye ni nani kutangoja, kama bado utataka kujua.