Salamu Niliyoitikia Mtoni

Cheka kwanza, umalize, ndipo nisimulie. Shuleni kwetu mimi ndiye niliyeweka chura kwenye mkoba wa mwalimu wa zamu, kwa hiyo nikisema kitu ni kweli watu hushika mbavu. Lakini hiki kilinipata mwenyewe, saa nane mchana, jua linawaka, na rafiki yangu Masanja alikuwepo. Muulize.

Klabu yetu ya maliasili ilitoka Bugarama alfajiri kwenda kutembelea hifadhi ya taifa, ile ya kando ya mto, upande wa Bukombe. Kimya cha kule si cha kawaida. Sisi tumezoea kelele za karasha zinazosaga mawe ya dhahabu. Kule unasikia hadi tumbo la mwenzako. Askari wa hifadhi akatupa masharti: tusitupe taka, tusisogelee maji kwa sababu ya mamba, na tukisalimiwa na mtu kando ya mto, tunyamaze tupite. Nikamuuliza kama mamba nao husalimia. Wenzangu wote wakacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya chakula nikamvuta Masanja, tukachepuka kwenda kuwaona hao mamba. Tukamkuta mzee ameketi ukingoni, ametugeuzia mgongo. Kichwa mvi tupu, mgongo umepinda, na kando yake mzinga wa magome, kama ule wa warina asali wa zamani, kabla pori halijawa hifadhi.

"Shikamoo, guku," akasema bila kugeuka.

Guku ni babu, kwa Kisukuma. Mzee wa umri ule ananiamkia mimi, wa kidato cha tatu! Wewe ungeiacha nafasi kama hiyo? Masanja akanifinya mkono. Mimi nikakohoa kizee, nikaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Akageuka. Niamini, uso ule ulikuwa wa mtoto. Mtoto wa miaka kama kumi, laini, umepachikwa juu ya shingo yenye makunyanzi. Alikuwa analia kwa furaha.

"Wote hunikimbia," akasema. "Wewe umepokea. Mzinga ni wako sasa."

Akaingia mtoni. Maji hayakutikisika. Kila hatua mgongo wake ulinyooka, mvi zikageuka nyeusi, na alipofika ng'ambo alikuwa mtoto kamili. Akakimbia, akapotelea kwenye matete.

Nikataka kukimbia na mimi. Magoti yakagoma. Mgongo ukapinda wenyewe, mikono ikanyooka kuufuata ule mzinga, na ndani yake nyuki wakaanza kuvuma. Nikamgeukia Masanja nimwombe msaada. Unajua kilichonitoka mdomoni?

"Shikamoo, guku."

Sauti haikuwa yangu.

Masanja ni mwoga, nimemcheka miaka yote kwa hilo. Siku ile alijiziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka, na kwa mkono wa pili akanishika ukosi, akaniburuta hadi kwa askari. Askari akaniangalia nywele, akavua kofia yake taratibu.

"Uliitikia," akasema. Hakuwa anauliza.

Sasa nina miaka kumi na saba. Upande wa kushoto wa kichwa changu una mvi, na kila mwezi zinasogea. Ngazi za darasani nazipanda nimeshika ukuta. Masanja bado ni rafiki yangu, ila tukikutana tunapungiana mikono tu. Mama amenikataza kubaki peke yangu na mdogo wangu Shija, wa miaka sita, kwa sababu Shija anapenda sana kuitikia marahaba kwa mchezo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Mama ana haki. Juzi nilimkuta uani anachezea matope, neno likanifika kwenye meno. Nikang'ata ulimi hadi damu ikatoka.

Kwa hiyo ukiwa stendi ya Kahama, ukamwona kijana amepinda mgongo, kofia imefunika mvi, naye anakuamkia wewe uliye mdogo kwake, itakuchekesha. Najua, hata mimi ilinichekesha. Usiitikie. Hata nikikubembeleza, hata nikikwambia natania, pita.