Jemani Shepadi na mbwa wa kienyeji: niliwafuga wote wawili, nusura nimuue mmoja

Wakuu, habari za humu. Wale wa shikamoo, marahaba, nimezipokea zote kwa pamoja tusichelewe.

Naona mnabishana mbwa gani ana gharama na mbwa gani haugui. Mimi ninao wote wawili. Nitasema yaliyonipata bila kujipendelea, maana waliokuwepo wako hai na simu wanazo.

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, bibi yenu wa hapa Nzuguni, niliyeishia darasa la nne. Bi Zaituni, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa Kolo kule Kondoa. Elisante, daktari wa mifugo, mtoto wa Foibe niliyeimba naye kwaya. Na mbwa wawili, Roki na Watasema.

Roki ni Jemani Shepadi wa mwanangu Yona. Yona mwenyewe hakuwepo, alikuwa kikazi Singida. Aliniletea baada ya mbuzi wangu wawili kuibwa, Sikitu na Mapengo. Anampenda yule mbwa. Akipiga simu anamsalimia Roki kwanza, halafu mimi.

Watasema ni jike la kienyeji. Jina nilimpa kwa ajili ya watu fulani wa mtaa wa nyuma. Wanajijua.

Tuanze na gharama.

Watasema anakula ukoko na chochote kilichobaki. Roki nilimwekea ugali wa uwele na mlenda, akautazama kama mkwe aliyepewa kiti kibovu. Anataka wali na mapupu ya ng'ombe. Maji ndiyo usiseme. Joto la hapa na lile koti lake, beseni zima linaisha kabla ya saa nne, na mgao wetu mnaujua. Manyoya yake nayakuta mpaka kwenye unga.

Upande wa afya, Yona alinionya kwamba aina hii ina ugonjwa wa nyonga, miguu ya nyuma hulegea. Pia akasema chanjo zisikose. Nikamwita Elisante, akamchanja Roki. Alipomgeukia Watasema nikamwambia amwache, wa kienyeji hawaugui. Nilisema kifua mbele, kama mtu aliyesomea.

Basi wakaja kupe.

Wakuu, mimi nimekulia zizini. Kupe utanifundisha nini? Nilikuwa na chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo. Nikapima kwa macho, kama marehemu baba alivyopimia ng'ombe wake. Halafu nikaangalia manyoya ya Roki yalivyoshonana, nikaona dawa haitafika kwenye ngozi. Nikaongeza.

Watasema alinusa ndoo, akaruka ua. Nikamwita mshamba.

Roki, maskini, alisimama akaogeshwa. Mbwa mtiifu. Nikamwacha juani akauke, akawa anajilamba.

Haukupita muda udenda ukaanza kumtoka, na miguu ya nyuma ikalegea. Nikasema, ahaa, nyonga hizo, Yona alisema. Nikachemsha maji, nikachukua mafuta ya kula, nikakaa chini kumkanda kiuno. Mbwa anakufa kwa sumu, mimi namkanda!

Bi Zaituni akachungulia juu ya ukuta, akauliza kulikoni. Nikamweleza habari za nyonga kwa kirefu. Akaniuliza nimemwogeshea nini, nikamwinulia chupa.

"Mama Yona," akasema, "hapo pamechorwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mbwa nionyeshe."

Nikaigeuza chupa pande zote. Mbwa hakuwepo. Hata mtu wa darasa la nne picha anaziona.

Nikampigia Elisante. Akasema nimwoshe kwa sabuni na maji mengi, nisimwache ajilambe, yeye anakuja. Pipa langu lilikuwa nusu, likaisha. Bi Zaituni kwa dini yake mbwa hamgusi, lakini maji yake ya mgao aliyabeba mwenyewe, ndoo saba, akawa anamwaga akiwa amesimama mbali na mimi nasugua. Kila ndoo ilikuja na maneno yake.

Elisante alifika na pikipiki. Akauliza kama amejilamba, nikasema amejilamba. Hakucheka wala hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akamchoma sindano, akatundika dripu kwenye kamba ya nguo. Mimi nimeshika kichwa cha Roki, nawaza nitamwambia nini Yona.

Bi Zaituni akaaga anakwenda kuswali alasiri. Akasema ataniombea mimi, mbwa hana kosa.

Aliporudi, Roki alikuwa ameinua kichwa anakunywa maji. Nililia, siwafichi.

Watasema naye akarejea alipoona ndoo imeondoka. Elisante akamshika, akamfunua masikio, yamejaa kupe. Akamfunua fizi, nyeupe, kupe wamemmaliza damu.

"Bibi, huyu ni mgonjwa wa siku nyingi," akasema. "Hasemi tu."

Akamchanja palepale, maana kichaa cha mbwa hakiulizi umetokea wapi. Akaniachia dawa ya kupe yenye picha ya mbwa.

Sasa mniulize nani ana gharama. Roki anakula na kunywa zaidi, na nyonga zake ni za kuangaliwa. Watasema anakula kidogo, lakini chanjo na kupe ni sawa na mwenzake. Yule mnayemwona haugui, mfunueni fizi.

Hatari kubwa kuliko zote kwa mbwa wote wawili ilikuwa mimi.

Wenye Jemani maeneo ya joto, nielezeni mnawaogesha vipi.

Yona, najua umo humu. Uliniuliza kwa nini Roki anakimbia akiona ndoo, nikakwambia mbwa wa kizungu hawapendi kuoga. Ukweli ndio huo hapo juu, baba. Nisamehe.

Elisante, nilipokosea nisahihishe. Bi Zaituni, kama kuna neno ulinifokea nikalisahau, liongeze hapo chini.