Kitunguu Ndani ya Kitabu cha Alute

Mimi naitwa Kristina, mjane wa Alute, wa hapa Mwankoko. Wengine wananiita Mama Happiness, wengine wananiita yule bibi wa vitunguu, na wote nawaitikia. Shule nilikaa kidogo. Nasoma polepole kama mtu anayepita kwenye tope, lakini mwisho nafika.

Nyumba yangu ina vyumba vinne na mimi ni mmoja. Watoto walikwenda, mzee akafa, nikabaki na kuku na kichanja changu cha vitunguu. Asubuhi naongea na kuku. Redio nayo naijibu, ila yenyewe inaendelea tu na maneno yake kama vile sijasema kitu.

Happiness ni binti yangu wa mwisho. Ameolewa Dodoma na mwalimu wa fizikia anaitwa Laurian, mtu wa Ikungi. Alipopata mimba ya kwanza nilimwambia aje kujifungulia kwa mama yake, kama tulivyofanya sisi. Akasema Dodoma kuna hospitali kubwa. Nikamwambia basi na mimi huko siji, na sikwenda, na mpaka leo naona nilisema sawa. Mama mkwe wake wa Ikungi ndiye aliyekwenda kumwogesha mtoto. Wakampa jina Alute, jina la marehemu. Habari hiyo niliipata kwa simu. Yaani mume wangu amerudi duniani, na bibi wa Ikungi amemwona kabla yangu.

Mwaka huu, vitunguu vikiwa vimeshavunwa na kukauka, wakaja. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea.

"Shikamoo mama," Laurian akasema.

"Marahaba. Huyo ndiye mume wangu? Mlete nimwone."

Happiness akamsukuma kidogo. "Nenda kwa bibi. Mwamkie bibi."

Mtoto akanitazama, akajificha katikati ya miguu ya mama yake, akalia kama ameona nyoka.

"Amechoka na safari, mama."

"Hajachoka. Hanijui."

Laurian akashusha mizigo, akanywa chai, akarudi Ikungi kwa wazazi wake. Akasema Jumapili atakuja kuwachukua.

Nikajiwekea jambo moja moyoni. Kabla ya Jumapili huyu mtoto atakuja kwangu kwa miguu yake mwenyewe. Sitamshika kwa nguvu, wala sitamhonga. Jirani yangu Magreth alipita akaona mtoto anavyonikimbia, akasema, "Mpe biskuti, Mama Happiness. Atakuja mbio."

Nikamwambia, "Wanaoitwa kwa chakula ni kuku."

Magreth akacheka akaenda zake. Lakini siku ile ikapita, na iliyofuata nayo ikapita, na mtoto kila nikiingia mlango huu yeye anatokea ule.

Alikuwa na kitabu. Si hivi vya kukunjika. Kurasa zake ngumu kama boksi, chache, pembe zimefanywa mviringo zisimchome, na zote ameshazing'ata. Nikamuuliza Happiness ni kitabu cha nini.

"Cha sayansi, mama. Kinamfundisha kwamba kitu ukikiachia kinaanguka, maana dunia inakivuta."

"Mtoto anayejikojolea bado?"

"Ndiyo umri wenyewe. Hatumtegemei aelewe maneno yote. Anaona picha, anasikia, kesho anajaribu mwenyewe."

"Ninyi mlianguka bila kitabu, na chini mkapajua."

"Basi mimi nilipajua sana, mama," akasema, akacheka, akanionyesha kovu la goti. Na mimi nikacheka. Ulikuwa muda mrefu nyumba hii haijasikia watu wawili wanacheka.

Lakini niliona jambo. Mtoto akitaka kusomewa anakibeba kitabu mpaka mbele ya mama yake, kisha anageuka, anampa mgongo, anarudi kinyumenyume mpaka anakaa mapajani. Hatazami nyuma. Anajua paja lipo. Nilikuwa naliangalia hilo nikiwa jikoni, nikajifanya naangalia moto.

Jumamosi Happiness alikwenda Utemini kumwona rafiki yake, akamwacha mtoto amelala. Mimi nikakaa chini karibu na kichanja, nachambua vitunguu. Mtoto akaamka, akalia, akazunguka nyumba nzima anamtafuta mama. Sikumfuata. Mwisho akatokea mlangoni na kitabu chake, machozi yamekauka mashavuni, akasimama mbali.

Nikamsemesha Kinyaturu, maneno ambayo wote waliolelewa hapa walilelewa nayo. Akanikodolea macho tu. Hakuna neno hata moja alilokuwa amelisikia kabla. Hapo niliumia, lakini niliendelea na vitunguu vyangu.

Akasogea. Akakiweka kitabu chini, akakisukuma kwa mkono mpaka kikagusa kanga yangu, halafu akarudi nyuma.

Nikakifungua. Kulikuwa na kitu chekundu, cha mviringo, kiko hewani. Chini kulikuwa na maandishi, ila miwani ilikuwa ndani, na nikiinuka mtoto angekimbia. Mtu wa Mwankoko akiona chekundu cha mviringo hahitaji kuuliza.

"Kitunguu," nikamwambia.

Akatazama picha. Nikafunua ukurasa wa pili, kitu kile kile sasa kiko chini. "Kitunguu kimeanguka."

Akatazama kichanja. Akanitazama mimi.

Sasa, kitunguu hakitupwi. Anayevilima anajua. Unakishusha kama yai, maana kikigongwa kinaoza kimya kimya kwa ndani, na kinaozesha vya jirani. Happiness na ndugu zake niliwachapa kwa sababu hiyo, na wangerudia ningewachapa tena. Lakini nilichukua kimoja, kizuri, nikakiinua mpaka usawa wa uso wangu, nikakiachia.

Puu.

Mtoto akashtuka. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Tena," akasema.

Nikaachia kingine. Akaja akachukua cha kwake kwa mikono miwili, akakiachia, akainama kukikagua kama fundi. Tukaendelea hivyo. Baadaye akakiokota kitabu, akageuka, akanipa mgongo, akarudi kinyumenyume, akakaa.

Nilikuwa nimesahau mtu ana uzito gani.

Happiness alitukuta hivyo. Akatazama vitunguu vilivyotapakaa uani, akashika kiuno.

"Mama. Wewe uliyetuchapa?"

"Ninyi mlikuwa mnacheza. Huyu anasoma."

"Anasoma nini?"

"Tunguu," mtoto akasema, akaweka kidole kwenye picha.

"Mama, huo ni mpira. Imeandikwa hapo, mpira unaanguka."

"Mimi naona kitunguu."

"Imeandikwa mpira, mama."

"Basi aliyeandika hajafika Mwankoko."

Akakichukua kitabu taratibu, akasema nitamchanganya mtoto, baba yake amemfundisha mpira tangu hajaanza kukaa. Jioni nilivaa miwani nikasoma mwenyewe, herufi moja moja. Kweli ilikuwa mpira. Nikavua miwani.

Jumapili Laurian akaja. Mtoto akamkimbilia na kitabu, nikabaki nimesimama na kikombe chake cha uji.

"Alute, hii nini?"

"Tunguu."

Laurian akacheka sana. "Mama, umenifutia somo lote."

"Somo ni kuanguka," nikamwambia. "Limeanguka vizuri."

Happiness hakucheka. Akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mwambie tu ni mpira. Akisikia kwako atakubali. Dakika moja tu, mama."

Nilimtazama mtoto begani kwa baba yake. Nikasema, "Mpira atausikia kwenu kila siku. Kitunguu atakisikia kwa nani?"

Happiness akaangalia chini. Alipokuwa anafunga begi nilimwona anaingiza vitunguu viwili kwenye nguo za mtoto. Nikajifanya sijaona.

Wakaenda. Ikungi walikuwa walale huko, kwa bibi mwingine. Mtoto hakugeuka kunitazama, na mtoto hana lawama. Nikaosha kikombe.

Vile vilivyogongwa nilivitenga, maana ndivyo vya kupikwa kwanza. Nikavipika kimoja kimoja, chungu kidogo cha mtu mmoja. Vingine vilishaanza kulainika upande. Nilikata pabovu, nikapika palipobaki. Sikutupa hata kimoja.

Siku nilipopika kile cha mwisho Happiness akapiga simu. "Ongea na bibi," nikasikia akisema. Nikasikia pumzi, ndogo, karibu kabisa na sikio langu. Nikasema, "Alute. Mume wangu. Ni mimi." Pumzi ikaendelea. Nikasema, "Kitunguu."

Halafu puu kubwa, nikasikia kwa mbali Happiness anasema, "Usiangushe simu, wewe," na kicheko cha mtoto, na simu ikakatika.

Nikangoja wapige tena. Nikaiweka simu mapajani nikangoja mpaka uji ukapoa. Hawakupiga, huenda simu yao imevunjika.

Nikainuka nikaenda kichanjani. Nikachagua kitunguu kizima, kilichokauka vizuri, nikakiinua mpaka usawa wa uso wangu, nikakiachia. Kuku wakatawanyika, kisha wakarudi kukitazama.