Gesi Aliyosomea Mwelu

Ndunda, muuza mitungi ya gesi pale Kyumbi, ni mtu wa maneno, na maneno ndiyo yaliyomponza.

Bintiye Mwelu alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo alimpigia simu. "Baba, naenda kusomea gesi, vile iligeuka nyota." Ndunda akadaka la gesi, la nyota likampita. Kufikia jioni Kyumbi nzima ilijua kuwa msichana wa Ndunda akirudi, mitungi itashuka bei. Hakudanganya. Gesi aliyoijua ni ya kupikia tu.

Baada ya miaka minne Mwelu alirudi, na kanisa likamfanyia ibada ya shukrani. Akasimama mbele, akaeleza kwa Kiswahili chepesi alichokiandaa wiki nzima. Kuna galaksi za kale, alisema, ambazo mwanga wake umesafiri miaka zaidi ya bilioni kumi kutufikia. Galaksi yetu huzaa nyota moja au mbili kwa mwaka. Baadhi ya zile za kale zilizaa mamia, hata elfu, hadi zikamaliza gesi yao na kubaki kuzeeka.

Aloys mwenye bucha akainua mkono. "Sasa Mwelu, gesi yote hiyo imeisha na haijawahi pika hata chai?"

Watu wakacheka, na kwa kweli mzaha ulikuwa mzuri. Lakini aliyecheka kuwashinda wote, akijipiga paja, alikuwa Ndunda. Aliona macho yanamgeukia yeye, mzee wa mitungi, akaona afadhali acheke kuliko achekwe. Mwelu alimtazama, akasema asanteni, akaketi.

Huu ni mwaka wa sita tangu ibada ile. Mwelu yuko Chile kwenye darubini kubwa, na simu zake ni za mama yake, Kamanthe. Ndunda huletewa salamu tu. Amejuta, akakonda hadi suruali zinamvuka, na mimi sijui nimwonee huruma au nimwambie alijitakia.

Mwezi jana, Mwelu na mama yake wakiongea, aliomba simu. Alikuwa amepanga kuomba msamaha, lakini ulimi ule usio na breki ukamgomea. Akauliza lililokuwa likimsumbua siku nyingi.

"Mwelu, hizo galaksi si zingezaa polepole? Hakuna kitu ingezizuia?"

Mwelu akaanza kueleza, kwa upole, jinsi galaksi zilivyogongana na gesi ikarundikana pamoja, na jinsi nyota kubwa zenyewe zilivyoipeperusha iliyobaki. Alieleza karibu nusu saa. Ndunda alielewa, akaona uchungu kwamba jambo lenyewe lilikuwa tamu hivyo miaka yote.

"Hiyo swali nilingoja uniulize siku ile, Baba."

"Nisamehe, mama. Nilikucheka mbele ya watu."

"Nilikusamehe kitambo. Ni vile tu nilizoea kukaa bila kukuambia vitu."

Ndunda akamrudishia Kamanthe simu, wakaendelea na maongezi yao.