Mũsyĩ Bila Kofia

Hii aibu nimeikalia miaka, lakini leo wacha niitoe, na mkicheka mcheke nikimaliza.

Ilikuwa ile wakati ya vita ya kura, mwanzo wa 2008, naishi Kawangware 46 hapa Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kuandika programu, hasa moja ndogo ya kusaidia programu zingine kufikia kurasa za intaneti (niliringa nayo kama mtoto wa kwanza). Watu walikuwa wametawanyika, wengine wametoroka Kibera na nguo za mwilini tu, kwa hivyo kanisa letu likafungua ukurasa wa mtu kuandika ako wapi, na pasta, Mkamba wa Kitui kama mimi, akaupa jina Mũsyĩ, yaani nyumbani. "Na hizo kofia mbili juu ya u na i zibaki hata kwa anwani," akasema, "bila kofia hiyo si Kikamba."

Sasa, mitambo ya anwani inajua a mpaka z peke yake. Herufi yenye kofia lazima igeuzwe kwanza, jina linakuwa mchanganyiko wa herufi unaoanza na xn na vistari viwili, na programu yangu haikujua kugeuza. Nikasema aah, si niivulishe tu kofia, nani atajua?

Jumapili kanisa imejaa, projekta iko tayari tuonyeshe majina yaliyoandikwa tayari, na badala nitumie brauza ya kawaida kama mtu ako na akili, nikataka waone kazi ya mikono yangu. Mbele alikaa Mama Achieng wa kijiji cha Raila, Kibera, ambaye alikuwa hajasikia sauti ya dada yake wa Kambi Muru, kijiji kingine cha hapo hapo, tangu nyumba zichomwe. Nikaandika Mũsyĩ, nikabonyeza, na pale ukutani, karibu na msalaba (sidanganyi), akatokea msichana na sidiria nyekundu. Kumbe jina bila kofia lilikuwa la muuza nguo za ndani!

"Mwende, zima!" pasta akapiga kelele.

Badala ya kuzima nikajaribu kurekebisha hapo hapo, nikaligeuza jina mwenyewe, na ukuta ukajaa xn na herufi za ajabu. Kijana mmoja mlangoni akauliza, "Hiyo ni code ya kina nani?" Na siku hizo za vikaratasi na meseji za vitisho kwa kabila hili ama lile, hilo swali halikuwa mchezo, watu wakaanza kubeba watoto.

Mama Achieng akasimama. "Ngojeni kwanza. Mwende, hilo ni jina lile lile?"

"Ni lile lile mama, limeandikwa tu vile mashine inaelewa."

"Na tukilifuata tutafika?"

"Tutafika."

"Basi fuata."

Tukafika. Jina la tatu kutoka juu lilikuwa la dada yake: ako Kangemi, mzima. Mama Achieng akakaa chini kwa sakafu, akalia, halafu akapangusa uso akaniuliza, kwa dhati kabisa, mashine inafanya nini na Dholuo, lugha ya kwao.

Kanisani waliniita Sista Sidiria mpaka nikahama. Programu niliifunza kugeuza majina vizuri, wiki hiyo hiyo, na nikaapa: kitu sijajaribu peke yangu nyumbani, mlango umefungwa, hakitaonyeshwa waumini tena.